Wawania Tuzo za Ligi Kuu Kabla ya Dirisha Dogo: Mwongozo kwa Mtazamaji wa Bagamoyo

Agosti 16, 2023 Kitayosce ya Tabora ilianza maisha yake ya Ligi Kuu pale Chamazi ikiwa na wachezaji wanane tu uwanjani, kwa sababu usajili wa wenzao ulikuwa haujakaa sawa. Azam ikapachika mabao manne upesi upesi, matatu yakiwa ya Feisal Salum. Kisha wageni wawili wakashindwa kuendelea, timu ikabaki na watu sita, na mwamuzi akamaliza mpira kabla hata ya mapumziko. Kuanzia siku hiyo Feisal, au Fei Toto kama anavyoitwa, akahesabiwa miongoni mwa wawania Kiatu cha Dhahabu, na hesabu hiyo haikuwa ya uongo, kwani alimaliza msimu akiwa na mabao 19. Kiatu chenyewe kilikwenda kwa Stephane Aziz Ki wa Yanga, mwenye mabao 21, matatu kati yake akiyafunga siku ya mwisho dhidi ya Tanzania Prisons. Sasa yaondoe yale matatu ya Chamazi uone. Mbio zilizoonekana kukabana hadi Mei zinakuwa 21 kwa 16, yaani hazikuwahi kukabana. Mechi moja ya Agosti, iliyochezwa dhidi ya timu pungufu na isiyofika nusu, ilibadili namna nchi nzima ilivyoutazama msimu.

Mwongozo huu ni kwako wewe unayefuatilia ligi ukiwa Bagamoyo, Mapinga, Bunju au huko juu Pangani na Tanga, na unayependa kujua mapema, ligi ikiwa na mechi nane au kumi, ni nani wa kumweka machoni kwa ajili ya tuzo za mwisho wa msimu. Ninachokitetea ni hiki: katika miezi ya kwanza, jedwali la wafungaji hupima ratiba kuliko linavyompima mchezaji. Kwa hiyo usianze na mabao. Anza na kazi aliyopewa mchezaji ndani ya timu yake, dakika anazocheza, nani anapiga penalti, na uwezekano wa yeye kuwapo hapo hapo Februari itakapofika. Mabao yaje mwisho, kuthibitisha yale uliyokwisha kuyaona. (Kama umekuja kutafuta jina la kuweka kwenye mkeka, samahani, haya hayatakufaa sana, mkeka unataka jibu la Jumamosi hii, nasi tunazungumza habari ya miezi tisa.)

Jambo la kwanza ni kuamua unazungumzia tuzo ipi, maana watu hubishana usiku kucha kumbe kila mmoja ana tuzo yake kichwani. Kiatu cha Dhahabu ni hesabu tupu: mwenye mabao mengi anakichukua, awe anapendwa au hapendwi. Tuzo ya Mchezaji Bora wa Ligi Kuu ni uamuzi wa watu, na watu hutazama mambo mengine. Msimu wa 2016/17 Simon Msuva wa Yanga na Abdulrahman Mussa wa Ruvu Shooting walifungana kileleni kwa mabao 14 kila mmoja, Yanga ikachukua ubingwa, lakini Mchezaji Bora akawa Mohamed Hussein 'Tshabalala', beki wa kushoto wa Simba. Mwaka mmoja kabla yake Amissi Tambwe alikuwa amefunga 21, ila tuzo ya ubora ikaenda kwa beki wa kulia wa Yanga, Juma Abdul. Msimu wa 2017/18 Emmanuel Okwi alifunga 20, akachaguliwa John Bocco. Msimu wa 2019/20 Meddie Kagere alifunga 22, akachaguliwa Clatous Chama. Msimu wa 2021/22 George Mpole wa Geita Gold alimpiku Fiston Mayele kwa bao moja, 17 kwa 16, na tuzo ya ubora ikaangukia kwa Yannick Bangala, mtu wa kukaba na kupanga mpira kutoka nyuma. Wako waliozibeba zote mbili, kama Bocco mwaka 2021 na Aziz Ki mwaka 2024, lakini mtu anayedhani kinara wa mabao ndiye moja kwa moja Mchezaji Bora amepuuza nusu ya historia.

Hapo tumewazidi Wamarekani kidogo. Wao wana tuzo ya Heisman, inayotolewa tangu mwaka 1935 kwa mchezaji bora wa mpira wao wa vyuo vikuu, ule unaochezwa zaidi kwa mikono, na kila Septemba magazeti yao hujaa orodha za wanaoiwania. Orodha hizo zina sura ileile miaka yote, yaani mrushaji mpira wa timu kubwa, mrushaji mwingine wa timu kubwa, kisha mkimbiaji mmoja. Hadi Charles Woodson alipoichukua mwaka 1997 haikuwa imewahi kwenda kwa mtu ambaye kazi yake hasa ni kuzuia. Huku kwetu mabeki wawili wa pembeni waliichukua tuzo yetu miaka miwili mfululizo. Maana yake kwako ni kwamba ukitengeneza orodha yako ya Oktoba ikawa na washambuliaji watupu, umeandika orodha ya Kiatu, hata kama juu yake umeweka kichwa cha Mchezaji Bora. Weka angalau beki mmoja na kiungo mkabaji mmoja, na uwape uzito uleule.

Tukirudi kwenye hesabu, tatizo kubwa la jedwali la mwanzo wa msimu lina jina ambalo kila mpenda mpira analijua: viporo. Simba, Yanga, na siku hizi Azam na Singida, huanza msimu wakiwa pia na mechi za Afrika. Wakisafiri, mechi zao za ligi zinasogezwa mbele, na ifikapo Novemba unaweza kukuta timu moja imecheza kumi na nyingine saba. Kinara mwenye mabao sita katika mechi kumi anasimama juu ya mwenye matano katika mechi saba, na redioni watasema anaongoza. Anaongoza nini? Anayenunua samaki pale pwani hatazami wingi wa samaki kwenye ndoo tu. Anauliza chombo kimelala baharini siku ngapi. Nawe uliza dakika. Chukua mabao ya mchezaji, ongeza pasi zake za mabao, gawanya kwa dakika alizocheza, kisha zidisha kwa tisini. Kwa kalamu na daftari ni kazi ya dakika mbili kwa mchezaji mmoja, na mara nyingi orodha itapinduka mbele ya macho yako. Hesabu hiyohiyo inakusaidia kulinganisha misimu. Watu husema mabao 23 ya Kagere ya 2018/19 ndiyo kilele cha miaka ya karibuni. Msimu ule ligi ilikuwa na timu 20 na kila moja ilicheza mechi 38. Kwa kasi ileile katika mechi 30 za leo, Kagere angefika 18 hivi, nyuma ya Aziz Ki na nyuma ya Tambwe wa 2015/16. Simpunguzii Kagere heshima yake. Nasema tu kwamba namba isiyo na idadi ya mechi kando yake haijasema kitu.

Kisha tazama mabao yamefungwa dhidi ya nani, na wapi. Mtu mwenye kumbukumbu atanipinga hapa, na pingamizi lake lina nguvu. Agosti 26, 2017, siku ya kwanza kabisa ya msimu, Simba iliifunga Ruvu Shooting, maafande wa Mlandizi katika mkoa wetu huu wa Pwani, mabao 7–0, na Okwi peke yake akafunga manne. Kwa kipimo changu ingebidi tuseme tulieni, ni mechi moja dhidi ya timu iliyozidiwa. Ila Okwi alimaliza akiwa mfungaji bora kwa mabao 20. Je, yule aliyempa kiatu tangu Agosti hakuwa sahihi? Alikuwa sahihi kuhusu mtu, ila sababu yake haikuwa sahihi. Manne yale yenyewe hayakutabiri lolote. Mshambuliaji yeyote wa timu kubwa anaweza kukutana na siku kama ile. Kilichokuwa kinaonekana siku ileile, kwa mwenye kutazama, ni kwamba Simba ilikuwa imejengwa upya kushambulia, Okwi alikuwa na uhuru wa kuingia kutoka pembeni hadi kati, na mipira ilikuwa ikimfikia kutoka kila upande. Hayo yalibaki Septemba, Desemba na Machi, na ndiyo maana mabao yalibaki. Chukua mfano wa pili. Septemba 2023 Jean Baleke aliifunga Coastal Union mabao matatu peke yake, na kwa wiki kadhaa jina lake lilikuwa juu ya orodha. Dirisha dogo lilipofika Januari, Simba ikaachana naye. Siku mbili zenye sura moja kwenye jedwali, na misimu miwili isiyofanana hata kidogo.

Ugumu wa uwanja nao una uzito wake, na kwako wewe wa ukanda huu hili ni la jirani. Februari 2025 Yanga, mabingwa wenye safu kali ya ushambuliaji, walikwenda Mbweni kwenye uwanja wa Meja Jenerali Isamuhyo na kutoka 0–0 na JKT Tanzania. Mshambuliaji akifunga bao moja Mbweni, au Mkwakwani kule Tanga mbele ya Coastal Union, yaani Wagosi wa Kaya, bao hilo limekuambia habari zaidi kuliko mawili yaliyofungwa nyumbani dhidi ya timu iliyopanda daraja juzi. Sikushauri utengeneze hesabu ya pointi za ugenini. Ligi yetu ina mechi chache mno kwa hesabu za namna hiyo, na utajidanganya kwa desimali. Weka alama ndogo tu kando ya bao. Ukifika Novemba ukaona alama za mchezaji wako zote ni za nyumbani, subiri kwanza.

Sasa tufike kwenye kipimo ambacho kwa maoni yangu kinazidi vyote, na ambacho wengi hukipita kwa sababu macho yamezoea kumtafuta namba tisa. Tazama nani amekuwa juu ya orodha ya wafungaji miaka ya hivi karibuni. Msimu wa 2022/23 Mayele, ambaye ni mshambuliaji halisi, alilingana na Saidi Ntibazonkiza kwa mabao 17, na Saido alikuwa akicheza nyuma ya mshambuliaji au pembeni. Msimu wa 2023/24 wawili wa juu, Aziz Ki na Feisal, wote ni viungo. Msimu wa 2024/25 aliyechukua kiatu ni Jean Charles Ahoua wa Simba, kiungo mshambuliaji, kwa mabao 16, mbele ya Clement Mzize aliyekuwa na 14. Misimu mitatu mfululizo, na kila mara kuna namba kumi kileleni. Halijatokea hivi hivi. Timu kubwa zetu hukutana wiki baada ya wiki na wapinzani waliojaza watu ndani ya boksi, mabeki watano na viungo wanne mbele yao. Namba tisa hukabwa na wawili. Mwenye nafasi ni yule anayekuja kwa kuchelewa kutoka nyuma, anayepiga kutoka nje ya boksi, na hasa anayesimama juu ya mpira uliokufa. Timu inayoshambulia sana huangushwa sana, na inayoangushwa sana hupata friikiki na penalti. Mpigaji wake mmoja akiwa mtulivu, ana mabao kadhaa kwa msimu ambayo namba tisa hawezi kuyagusa.

Kwa hiyo mwanzoni mwa msimu swali la kwanza liwe: nani anachukua mpira penalti ikipatikana? Usisubiri afunge. Angalia penalti ya kwanza ya timu katika mechi za Agosti, au hata za Ngao ya Jamii na mechi za kirafiki za matamasha ya Simba Day na Wiki ya Mwananchi, uone nani anautwaa mpira bila kubishana na mwenzake. Akikosa, angalia kama kocha anamwachia na ya pili. Jambo hilo dogo limekwisha kukueleza mengi kuhusu Mei. Wako watakaosema mabao ya penalti si mabao ya kujivunia, na Ahoua amesikia maneno hayo vya kutosha. Kwa tuzo ya ubora, hoja hiyo ina chembe ya haki. Ukiwa unampima mtu kwa ubora wake wote, penalti isihesabiwe sawa na bao alilolitengeneza kwa kuwapita watatu. Kwa Kiatu haina mashiko kabisa. Kiatu hakiulizi. Na hata kwa ubora, kumbuka kwamba kocha hampi penalti mtu asiyemwamini, na kuaminiwa na kocha kwa miezi tisa ndiko mwania tuzo anakokuhitaji kuliko kitu kingine.

Kuaminiwa huko kunatupeleka kwenye miezi ya Desemba na Januari, ambako orodha nyingi za Oktoba huenda kufa. Moses Phiri aliingia Simba mwaka 2022 kutoka Zanaco ya Zambia, na hadi Desemba alikuwa na mabao 10 ya ligi. Kwa jedwali, hakuna aliyekuwa na haki kubwa zaidi ya kuitwa mwania kiatu. Akaumia katika mechi dhidi ya Kagera Sugar. Alipopona akakuta Baleke amesajiliwa na nafasi ina mwenyewe. Akamaliza msimu na yaleyale 10. Upande wa pili, Saido alianza msimu huohuo akiwa Geita Gold, mbali na macho ya wengi. Dirisha dogo likampeleka Simba, akapewa mipira iliyokufa na uhuru, na Juni 2023 akaifunga Polisi Tanzania, timu iliyokuwa inashuka daraja, mabao matano katika mechi moja. Hivyo mshindi mwenza wa kiatu alikuwa mtu ambaye orodha ya Oktoba isingemweka hata kwenye kumi bora. Msimu wa 2024/25 Seleman Mwalimu alianza vizuri sana akiwa Fountain Gate, akaongoza au kukaribia kuongoza wafungaji, kisha Januari akauzwa Wydad Casablanca ya Morocco. Dirisha lilelile lilimleta Jonathan Sowah pale Singida Black Stars, na kwa nusu msimu tu akafunga mabao ambayo wengine hawakuyafikisha kwa msimu mzima. Ukiongeza Kombe la Mapinduzi kule Zanzibar na mashindano ya AFCON yanapoangukia wakati huo, unaona kwamba msimu wetu ni vipande viwili vilivyoshonwa katikati, na mshono wenyewe ni dhaifu.

Kutokana na hilo fanya mambo mawili. Kwanza, kwa kila jina ulilonalo Oktoba, jiulize kama mchezaji huyo anaweza kuondoka au kusukumwa benchi Januari. Kijana Mtanzania anayefunga katika timu ya kati ndiye anayewindwa kwanza. Akiuzwa nje, mbio zake zimekwisha hata kama ameongoza, na akienda Simba au Yanga anaweza kupanda kama Saido au kukalia benchi. Mgeni wa timu kubwa aliyeletwa kwa mkataba mfupi naye hana uhakika, maana klabu zile hazina subira. Pili, acha mstari mtupu kwenye orodha yako. Usiujaze. Ni wa mtu ambaye bado hayupo, au yupo ila amevaa jezi nyingine.

Pingamizi la pili ni la kisiasa zaidi, na linasikika sana kwenye vibanda umiza: kwamba kazi yote hii ni bure, kwa kuwa tuzo ya ubora ni ya Simba na Yanga, wanapeana zamu, na mchezaji wa Mbweni au Tanga hataipata hata acheze vipi. Sitalikataa kwa pupa. Majina niliyoyataja hapo juu, Juma Abdul, Tshabalala, Bocco, Chama, Bangala, Mayele aliyeichukua 2023, Aziz Ki, wote walikuwa wa klabu hizo mbili. Sehemu ya sababu ni halali: klabu hizo ndizo zenye fedha za kununua walio bora, na ndizo zinazochukua ubingwa, tangu 2017/18 hadi 2024/25 kombe halikutoka nje yao. Sehemu nyingine ni macho. Mechi za Simba na Yanga hutazamwa na kila mtu, pamoja na wanaopiga kura na wanaokaa kwenye kamati, ilhali mechi ya saa nane mchana kati ya timu mbili za katikati ya jedwali hutazamwa na wachache. Upendeleo wa namna hiyo hauhitaji mtu mbaya. Unatokana tu na nani ameonekana mara ngapi.

Lakini hitimisho la kwamba mchezaji wa timu ndogo hana tuzo si la kweli. Abdulrahman Mussa alifunga 14 akiwa na Ruvu Shooting, timu iliyokuwa ikichezea Mabatini pale Mlandizi, mwendo mfupi tu kutoka Bagamoyo kwa barabara ya Makofia, na akasimama kileleni bega kwa bega na Msuva wa Yanga. Mpole alifunga 17 na Geita Gold na hakugawana na mtu. Msimu wa 2023/24 kipa aliyemaliza na mechi nyingi zaidi bila kuruhusu bao hakuwa Djigui Diarra wa Yanga. Alikuwa Ley Matampi wa Coastal Union, na Wagosi wakamaliza nafasi ya nne. Tuzo zinazoamuliwa kwa hesabu zina mlango wazi. Zinazoamuliwa kwa macho mlango wake ni mwembamba. Mchezaji wako wa timu ya kati mweke kwenye orodha ya Kiatu, ya kipa bora, au ya mchezaji bora wa mwezi, ambayo huko nyuma imewafikia wengi nje ya Kariakoo. Ukimweka kwenye orodha ya Mchezaji Bora wa Msimu, fanya hivyo kwa kuwa unaamini anastahili, ukijua kwamba kustahili na kupewa ni mambo mawili. Kwa timu hizo, kipimo cha penalti kina nguvu zaidi: timu ya kati yenye mfungaji mmoja humpa kila kitu, mpira wa kutenga, penalti, na mipira yote mirefu. Timu kubwa hugawanya mabao yake kwa watu watano. Yanga au Simba ikiwa na wafungaji wengi wazuri, kiatu chenyewe hulegea na mtu wa Geita akapita katikati yao.

Utaona wapi haya yote? Azam TV inaonyesha karibu kila mechi, na kibanda umiza ni rahisi kuliko safari. Kamera, hata hivyo, hufuata mpira, na mengi niliyokutaka uyatazame hutokea mbali na mpira. Kwenye televisheni utamwona Bangala wa msimu ujao akipokonya mpira. Hutaona kwamba kwa dakika nne kabla ya hapo alikuwa akimwelekeza beki wa kulia asimame wapi. Wewe wa Bagamoyo una bahati ambayo mtu wa Mpanda hana. Barabara moja inakutosha: gari la Makumbusho linapita Bunju, walipo Simba na uwanja wao wa mazoezi, linakaribia Mbweni ya JKT Tanzania, na linafika Mwenge ulipo uwanja wa KMC Complex, ambao msimu wa 2024/25 Simba waliutumia kama nyumbani na Yanga nao wakahamia hapo katikati ya msimu. Wa Pangani na Tanga wana Mkwakwani. Chagua mechi mbili au tatu tu kabla ya Desemba, na uzichague kwa akili. Mechi nzuri kuliko zote kwa kazi hii ni timu kubwa inapokuja Mbweni. Uwanja si mkubwa, unakaa karibu na mstari, na wenyeji hufunga njia zote za kati, kwa hiyo unaona nani ana ufumbuzi na nani alikuwa akineemeka na nafasi alizopewa nyumbani.

Ukiwa hapo, chagua mchezaji mmoja kwa kila kipindi na usimwache hata mpira ukienda upande mwingine. Andika anapokea mpira wapi, akiwa ameupa mgongo lango au amegeuka. Andika anafanya nini timu yake ikipoteza mpira. Makocha huwatoa wanaosimama, na mchezaji anayetolewa dakika ya 60 kila wiki amepoteza theluthi ya msimu wake bila jedwali kukuambia. Tazama wenzake wanamtafuta au wanamkwepa. Kwa beki wa pembeni, hesabu ni mara ngapi winga wa wapinzani ameamua kuhamia upande wa pili, kwa sababu beki mzuri haonekani akifanya jambo, unaona tu upande wake umekuwa kimya. Kwa kipa, usitazame alichookoa tu. Tazama krosi anazozifuata na anazoziacha.

Atakuja mwenzako akuambie unauharibu mpira kwa daftari, kwamba raha ya mwanzo wa msimu ni kupiga kelele kwa ajili ya kinara mpya kila wiki. Raha hiyo hakuna aliyeikataza, na daftari halijawahi kumzuia mtu kushangilia. Ila anayebadili mtu wake kila wiki hana la kusema Mei ikifika, kwa sababu amewataja wote. Wewe andika majina matano kwa Kiatu, mojawapo likiwa nafasi tupu niliyoisema, na manne kwa Mchezaji Bora, pamoja na beki wako na kiungo mkabaji wako. Kando ya kila jina weka dakika, mpigaji wa penalti ni nani, alama za ugenini, na uwezekano wa kuondoka Januari. Andika tarehe juu ya ukurasa na usiguse kitu hadi dirisha dogo lifungwe. Likifungwa, kata waliouzwa, walioumia na waliowekewa mtu mbele yao, jaza ile nafasi tupu, kisha rudi uwanjani masika ikianza kunyesha na viwanja vikiwa vizito, uone nani kati ya waliobaki bado anaukimbilia mpira dakika ya 80.